Ufunguo Uliobaki Kisesa

Injini iliwaka, nikahesabu moja, mbili, ikazima. Nikaiwasha tena nikahesabu upya, maana mimi kitu nikikihesabu mara moja huwa bado sijakihesabu. Moja, mbili, kimya. Haikuzima kwa kukohoa kama injini iliyokosa mafuta, wala kwa kushtuka kama iliyokatikiwa waya. Ilizima kama mtu aliyesikia anaitwa, akageuka, akaona aliyemwita hamjui.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda juu ya mawe ya Mkuyuni, na ziwa nyuma ya gereji yetu limetulia kama karai la maji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za gari lile hutaka ziwe za usiku wa manane. Yote niliyoyaona niliyaona mchana, nikiwa nimeshakunywa chai.

Gari lilikuwa la mama mmoja wa Kihaya, mwalimu anayefundisha historia wanachuo wa ualimu upande wa Butimba. Gari la michezo, milango miwili, jekundu, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magoti ya watu. Alilinunua Dar, akalifurahia msimu mmoja, halafu injini ikachemka ikaharibika kabisa. Injini ya aina ile Kanda ya Ziwa huipati, na ukiipata, mwenye nayo ameshaisoma shida yako usoni kabla hujashuka kwenye bodaboda. Nikamshauri tuweke injini ya gari lingine, saluni ya kawaida ya familia, ambayo spea zake ziko kila kona.

"Litakubali?" akaniuliza.

"Mwalimu, chuma hakisumbui. Kinachosumbua ni waya."

"Mimi nataka liwake tu, fundi. Historia yake usinisimulie, nafundisha ya kutosha."

Gerejini tuko wawili. Mwenzangu ni Mjita, makanika; yeye injini huinyanyua, huishusha, huifunga. Mimi ni fundi umeme, na ununuzi pia ni wangu, kwa sababu mwenzangu akitajiwa bei husema asante.

Zamani ukihamisha injini ulihamisha chuma. Ulipima, ukakata, ukachomelea vishikizo, ukaunga waya wa stata na wa alteneta, kazi ikaisha. Siku hizi injini haifanyi lolote bila ruhusa ya kontroli boksi, kisanduku cha bati ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, ambacho ndicho kinaamua mafuta yaingie lini na cheche ipige lini. Na kisanduku chenyewe hakiamui bila kuuliza. Kinaiuliza dashibodi, kinaiuliza swichi ya breki, kinauliza gia iko wapi, joto limefika ngapi, tunakwenda mwendo gani. Ukikinyima jibu moja kinanuna. Kwa hiyo hatununui injini peke yake; tunanunua gari zima lililokufa, tunalivua mishipa yake yote, na tunaipanda ndani ya mwili mwingine ambao haukuumbwa kuipokea.

Gari la kuvua tulilipata Kisesa. Saluni ya rangi ya fedha, imeegeshwa nyuma ya zizi la ng'ombe, mbele nzima hata taa hazikupasuka, nyuma hakuna kitu. Mwenyewe alikuwa kijana aliyefanya kazi mjini na kurudi kwao kila siku. Alikuwa amesimama njia panda ya Usagara akisubiri nafasi ya kuingia barabarani, lori likamkuta hapo hapo kwa nyuma. Matanga yalikwisha muda mrefu. Aliyekuwa akiuza ni baba yake, mzee wa Kisukuma, mfugaji.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mmekuja kuangalia au kununua?"

"Kuangalia ni bure, mzee?"

"Kuangalia ni bure. Ukishika umenunua."

Nililizunguka gari mara mbili bila kulishika. Nikasikitika mahali pa kusikitika, nikaguna mahali pa kuguna. Nikasema matairi yamekwisha. Akaniuliza kama nimetoka Mwanza kuja kutafuta matairi. Nikasema mzee, huku nyuma hakuna gari. Akasema ndiyo maana huko nyuma hakuuzi. Nikajua nimepata mtu wa saizi yangu, na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu kupatana na mtu asiyejua kupatana ni kama kucheza bao peke yako.

Tulipoafikiana nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Mzee akaufumba kiganjani.

"Gari ni lako," akasema. "Huu unabaki."

Nilielewa mara moja, na hapo ndipo nilipokosea. Kwao, na kwa wafugaji wengi niliowaona minadani tangu nikiwa mdogo, ukiuza ng'ombe huuzi kamba yake. Mnunuzi anakuja na kamba yake mwenyewe, anamfunga, anaondoka naye. Ile ya zamani muuzaji anaikunja na kurudi nayo nyumbani, ili baraka ya zizi isitoke na mnyama, wengine wazaliwe. Hakuna anayebishana juu ya hilo. Mimi nilimwona mzee ameshika kamba. Akili ya fundi, inayojua ufunguo wa gari la siku hizi una nini kichwani mwake, ikakaa kando kwa adabu. Ikaja akili ya mnadani.

"Sawa, mzee. Lakini ng'ombe asiye na kamba atanisumbua njiani. Nipunguzie kidogo."

Akacheka kwa pua, akanipunguzia. Nikaondoka Kisesa nikijipongeza: nimepata punguzo kwa kuacha kitu nisichokihitaji. Gari jekundu lina ufunguo wake na tundu lake. Ule wa saluni ningeufungulia nini?

Kazi ilianza vizuri. Mjita aliiweka injini, pamoja na gia zake, mahali pake, na mimi nikaanza kupanda waya. Dashibodi ya saluni sikuweza kuifunga ndani ya gari jekundu kwa sababu haikai, lakini kontroli boksi haikubali kuongea bila hiyo, basi wakati wa kujaribu niliiweka juu ya kiti cha abiria, imelala chali, waya zikiingia kwa chini. Ukiitazama haraka ungedhani kuna mtu ameegemea pale na uso wake unatazama dari.

Siku ya kwanza nilipounga betri, ikawaka taa moja tu kwenye dashibodi ile. Mtu mwekundu, na mstari umempita kifuani. Mkanda.

Mwalimu alikuwa amekuja kuona kazi inavyokwenda, amesimama mlangoni na mwavuli wa jua.

"Nani hajafunga mkanda?" akauliza.

"Hakuna mtu, mwalimu. Waya za mkanda zinaning'inia, sijazipa kazi bado."

"Aha," akasema, lakini alizunguka akasimama upande wa pili.

Nilizifunga zile waya pamoja, jinsi inavyotakiwa ili kisanduku kiamini mkanda umefungwa. Taa ikazima. Nikaenda kunawa, niliporudi inawaka. Nikakagua kiungo changu, nikakilehemu upya, nikakagua tena. Ikazima. Mjita alikuwa chini ya gari akaniambia bila kutoka, "Mimi nafunga nati zangu kwa nje. Humo ndani ni mwako."

Halafu feni. Feni ya rejeta ilianza kuzunguka injini ikiwa ya baridi kabisa, ufunguo haujaguswa, mimi nakula muhogo kwenye benchi. Sababu ninayo: kontroli boksi isipopata habari za joto hudhani mambo ni mabaya kuliko yalivyo, huwasha feni kwa tahadhari. Nilikuwa sijaunga sensa ya joto. Nikaiunga, feni ikasimama. Kila kitu kwenye gari lile kilikuwa na sababu, na kila sababu niliipata. Kilichonichosha ni kwamba sababu zilikuja kila mara baada ya mambo yenyewe.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya moja, mbili, kimya.

Nilishika mita nikapima waya zote zinazoingia kwenye kontroli boksi, nikarudia kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza. Umeme upo, mafuta yapo, cheche ipo. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa. Ikaniandikia jambo moja: ufunguo haujatambuliwa.

Nikakaa chini.

Kwenye kichwa cha ufunguo wa gari la siku hizi mna chipu ndogo nyeusi, kama punje ya mtama. Haina betri wala waya. Kuzunguka tundu la swichi kuna ringi inayoisikia chipu hiyo kwa karibu, karibu sana, kama mtu anayenong'onezwa sikioni. Kontroli boksi huruhusu injini iwake, inauliza kupitia ringi, "Ni wewe?", isipojibiwa inazima. Ringi ya saluni ninayo, nilikuja nayo pamoja na waya zake. Kisanduku kilikuwa kinauliza kila mara. Wa kujibu alikuwa Kisesa.

Mjita akatoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Kwa hiyo injini umeinunua, ruhusa yake umeiacha."

"Nimeiacha."

"Na ulipunguziwa."

"Nilipunguziwa."

"Hongera, bwana."

Kulikuwa na njia nyingine. Kuna mafundi Dar wanaofungua kontroli boksi na kufuta kumbukumbu ya ufunguo wake, inarudi haikumbuki mtu yeyote, unaipa ufunguo wowote utakao. Unakituma kisanduku kwa basi, kinarudi kwa basi. Ningeweza kufanya hivyo bila kumwambia mtu. Lakini nilipokifungua kutoka kwenye bati lake, kikiwa bado na vumbi la barabara ya Kisesa kwenye kona, niliona si vizuri mzee yule awe anauhifadhi ufunguo ambao hakuna kitu duniani kinachoukumbuka, na yeye hajui. Nikaenda kumwona.

Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mweusi, ndani ya shati. Niliona mkono wake ukiufuata pale.

"Unataka uboho," akasema, "uniachie mfupa."

"Ndiyo, mzee. Ile punje tu. Ganda nakurudishia."

"Na nikikataa?"

"Nitakituma kile kisanduku Dar kifutwe."

"Kifutwe nini?"

Hapo nilitafuta maneno. Mimi katika kupatana huwa najua neno la tano kabla sijasema la kwanza, lakini siku ile nilikuwa nayaokota moja moja. Nikamweleza kwamba kisanduku kinamkumbuka mwenye ufunguo ule peke yake. Na si ufunguo tu. Mle ndani mna mazoea pia, kwa sababu kontroli boksi hujifunza mguu wa dereva, anavyokanyaga taratibu au kwa haraka, na injini na gia huzoea kumfuata.

"Mguu wake umo humo?"

"Mazoea ya mguu wake, mzee."

"Ndicho nilichouliza." Ng'ombe mmoja akakohoa zizini. "Kwa hiyo nikiushika huu, yeye mnamfuta. Nikitaka asifutwe, niwape huu nibaki mikono mitupu."

Nilikuwa nimekwenda na maneno ya kumbembeleza, nikaondoka nayo yote, hayajatumika.

Siku chache baadaye alinipigia simu. "Lete hilo gari. Nataka nilione likimkumbuka, ndipo nitajua nifanye nini."

Tulilivuta gari jekundu kwa pikapu ya kukodi kutoka Mkuyuni mpaka Kisesa, kwa kamba ya katani. Mjita aliendesha pikapu, mimi nikashika usukani wa gari linalovutwa, dashibodi ya saluni imelala kando yangu kwenye kiti cha abiria. Mwalimu tulimwomba ruhusa. Alisema tu, "Fanyeni adabu kwa watu wa msiba," akakata simu. Tulipopinda kuingia njia ya kwa mzee, na betri nimeiunga kwa ajili ya taa za breki, yule mtu mwekundu mwenye mkanda akawaka. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Sikutazama tena mpaka tuliposimama.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua kali, kivuli cha kila kitu kimejikunja chini yake. Uwanja umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Mzee alikuwa peke yake, amevaa shati jeupe.

"Mama yupo?" nikauliza.

"Yuko jikoni, nyuma. Sijamwambia. Sikutaka tubishane kabla sijaona."

Akaingia kwenye gari kwa taabu, magoti juu. Nikamwonyesha: mkono mmoja aushike ufunguo wa mwanawe karibu kabisa na ringi, mkono wa pili auzungushe ufunguo wa gari jekundu. Akauvua uzi shingoni. Akausogeza.

"Sasa?"

"Sasa, mzee."

Injini iliwaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikaacha kuhesabu, kwa sababu ilikuwa imetulia, inanguruma chini chini kama mtu anayezungumza na mwenzake chumba cha pili. Ile taa ya mkanda ikazima yenyewe. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake limeelekea usukani.

Mbwa akatokea nyuma ya zizi. Mbwa mzee wa rangi ya vumbi, mmoja wa wale ambao hawainuki kwa mgeni. Alikuja moja kwa moja, akapita mbele ya gari jekundu ambalo hajawahi kuliona, akazunguka upande wa abiria, akakaa chini akiutazama mlango, kama anayesubiri afunguliwe.

"Alikuwa anampakia," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Kutoka pale barabarani mpaka hapa. Kila siku."

Halafu nikaisikia sauti ya mama kutoka jikoni. Haikuwa ya kulia wala ya kushangaa, ilikuwa sauti ya kawaida kabisa ya mwanamke anayepika.

"Leo umewahi! Njoo unawe, chakula kiko tayari."

Mjita alikuwa ameegemea pikapu. Akaacha kuegemea.

Mama akatokea kwenye kona ya nyumba na jagi la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo limetupwa begani. Alikuja hatua kadhaa hivyo hivyo, anatabasamu. Akaliona gari jekundu. Akamwona mumewe ndani yake. Aliendelea kutembea kidogo, nadhani miguu ilikuwa haijaambiwa, halafu akasimama. Hakuyamwaga maji. Aliyaweka chini taratibu, jagi, kisha beseni, kisha taulo juu yake.

Mzee alikuwa hajazima. Mkono wake ulikuwa umeganda pale kwenye ringi.

"Zima," mama akasema.

"Kinamkumbuka," mzee akasema. "Mama, kinamkumbuka. Wanasema nikiwapa huu kitaendelea kumkumbuka."

"Zima, baba."

Akazima. Kimya kilichofuata nilikisikia mpaka kwenye meno. Mbwa alibaki amekaa.

Mama alikuja mpaka dirishani, akanyoosha mkono, mzee akampa ufunguo kama mtoto anayenyang'anywa kisu. Aliushika, akaupindua, akautazama pande zote mbili.

"Ulisema huu ni kamba," akamwambia mumewe.

"Ni kamba."

"Kamba anabaki nayo aliyeuza ng'ombe, ili wengine wazaliwe. Sisi hatukuuza ng'ombe. Na mimi huyu sitamzaa tena." Akanigeukia, akaniwekea ufunguo kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. "Chukua, mwanangu. Wote, na ganda lake. Msimfute. Lakini gari hili lisipite hapa tena, maana nikilisikia nitainuka. Leo nimeinuka na maji. Sijui siku nyingine nitainuka na nini."

"Sawa, mama."

"Umekula?"

Tulikula. Hatukuweza kukataa, chakula kilikuwa kimepikwa, na sahani moja ilikuwa ya ziada. Hakuna aliyetamka ilikuwa ya nani. Mjita ndiye aliyepewa, na alikula kwa haraka bila kuinua macho.

Tulivutana kurudi Mkuyuni. Gerejini nililipasua lile ganda kwa ncha ya kisu, nikaitoa punje, nikaifunga kwa tepu juu ya ringi, nyuma kabisa ya dashibodi ya gari jekundu, mahali ambapo hakuna mtu atakayepeleka mkono bila kutumia bisibisi. Ganda nalo nikalifunga humo humo kando yake. Sikuona sababu ya kuvitenganisha. Ile dashibodi ya saluni niliichambua, nikabakisha sehemu ndogo inayoongea na kisanduku, nikaificha chini ya kiti. Nikazihesabu waya, nikazihesabu tena. Gari likawaka na ufunguo wa mwalimu, likatulia.

Mwalimu alikuja kulichukua. Nilimweleza sharti la mama, na nikamweleza kwa nini, ingawa hakutaka historia.

Aliweka mkono juu ya boneti. "Kwa hiyo kila nikiwasha, kinauliza kama ni yeye."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kinajibiwa ndiyo."

"Kila siku."

"Basi nitakuwa nasalimia kwanza," akasema, na hakuwa anatania. Kuhusu Kisesa hakubishana, ila alilalamika kwa haki yake: ana wanachuo wa kukagua Magu, na njia ya Magu inapita hapo. "Yaani nina gari la michezo na Magu nitakwenda kwa basi."

Alikwenda kwa basi. Mara moja alinipitia akaniambia gari lina adabu kupita kiasi. Akifika njia panda ya Usagara gia inashuka kabla hajakanyaga breki. Nilikagua swichi ya breki. Nilikagua sensa ya mwendo. Niliendesha mwenyewe mpaka Usagara na kurudi, ikashuka. Nikageuza nikarudia, ikashuka tena. Nilimwambia ni mazoea ya kisanduku, yatakwisha kikimzoea yeye. Alinilipa, hakuniomba punguzo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mvua za vuli zilipoanza aliliacha gerejini kwetu, maji yameingia kwenye taa za mbele. Mjita akazitoa taa, mimi nikatoa betri nikaiweka juu ya benchi ichajiwe. Mchana ule kulikuwa na jua baada ya mvua, mawe yanatoa mvuke, ziwa jeupe. Gari lilikuwa mbele yangu, macho yametolewa, boneti wazi, mahali pa betri pana shimo. Simu ikaita. Alikuwa mzee wa Kisesa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Limepita."

"Nini kimepita, mzee?"

"Gari. Sasa hivi. Limekuja mpaka kwenye kona ya zizi, likanguruma kidogo pale, likageuza." Hakuwa amekasirika. "Nilikuwa ndani, sijaliona. Lakini sauti ile naijua, na wewe unajua naijua."

Nilitazama betri. Vichwa vyake viwili vilikuwa vitupu, nyaya za chaja zimening'inia kando. Injini za aina ile ziko nyingi mjini. Hata teksi mbili za stendi ya Igoma zinazo. Nilikuwa namtayarishia mzee maneno hayo.

"Na mama?" nikauliza badala yake.

"Mama amesikia." Akavuta pumzi. "Anachambua mchele pale mlangoni. Ameinua kichwa, akasikiliza mpaka likaisha. Hakuinuka. Amerudi kwenye mchele wake. Ndiyo nimekupigia, nilitaka umwambie mwalimu wako asijisumbue na basi. Apite tu. Mama hainuki tena."

"Na mbwa?"

"Mbwa amelifuata."

Nilitaka kumwambia kwamba gari liko hapa mbele yangu, halina betri. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Halafu nikamsikia kwa mbali, ndani ya simu, mama akiimba kitu kidogo na mchele ukirushwa kwenye ungo, na nikaona kwamba kwa mara ya pili nyumba ile inanipa kitu ambacho sistahili kukiombea punguzo.

"Asante kwa kunijulisha, baba. Nitamwambia."

"Nani?" Mjita akauliza kutoka chini.

"Kisesa. Wanasalimu."

Nikasimama mlangoni pa gereji. Nikalihesabu gari jekundu. Moja. Nikalihesabu tena.